Ibn al-Baytar na Elimu ya Kuijua Dawa Kabla ya Kuitumia

Haipiti siku katika miji yetu ya pwani bila ya mtoto kutumwa dukani kununua habasoda, uwatu, sanamaki, mvuje au shubiri. Mwenye duka huchota, hupima, hufunga katika karatasi, na mtoto hurudi nyumbani mbio. Lakini ni mara ngapi aliyemtuma huifungua ile karatasi akaitazama dawa yenyewe, akainusa, akaipekecha baina ya vidole, kisha akajiuliza kama kweli ndiyo aliyoiagiza?

Marehemu nyanya yangu alikuwa na ada hiyo. Nilipokuwa mtoto wa chuoni alinituma shubiri, nami nikamletea kipande cheusi kinachong'aa. Alijaribu kukivunja, akakinusa, akakigusa kwa ncha ya ulimi, kisha akanirudisha nacho dukani. Hakunieleza kitu, nami nilidhani ni ukali wa wazee tu. Ilinibidi niwe mtu mzima, nisome habari za mtu aliyekufa zaidi ya miaka mia saba iliyopita, ndipo nikafahamu kwamba nyanya, ambaye hata jina la mtu huyo hakupata kulisikia, alikuwa akiifuata njia yake.

Mtu huyo ni Dhiyauddin Abdallah bin Ahmad, ambaye ulimwengu umemjua kwa jina la Ibn al-Baytar, yaani mwana wa tabibu wa wanyama. Wako matabibu wa Kiislamu waliopata sifa kwa kutibu wafalme, na wako waliopata sifa kwa kutunga vitabu vya falsafa ya utabibu. Yeye umri wake aliutumia katika jambo ambalo watu wengi hulipita bila ya kuligeukia: kuhakikisha kwamba kitu kinachoitwa dawa fulani ndicho chenyewe, wala si jina lake tu.

Alizaliwa mwishoni mwa karne ya 12 katika mji wa Malaga, kusini mwa Andalusi, nchi ambayo leo ni Uhispania. Zama hizo Andalusi ilikuwa chini ya utawala wa Muwahhidun, na elimu ilikuwa imestawi katika miji yake. Kijana Abdallah aliingia Seville, mji ambao Waarabu waliuita Ishbiliya, na huko akapata walimu. Aliyemwathiri zaidi alikuwa Abul Abbas an-Nabati, mtu aliyekusanya elimu mbili ambazo kwa macho ya leo huonekana mbalimbali. Alikuwa mwanachuoni wa hadithi, na alikuwa mjuzi mkubwa wa mimea.

Mwenye kusoma hadithi hufundishwa kuuliza maswali kabla ya kukubali neno. Nani amelipokea? Amelipokea kwa nani? Je, wawili hao walipata kuonana? Ni mkweli au ni msahaulifu? Hatuna haja ya kushangaa basi kuona kwamba mwanafunzi wa mwalimu kama huyo aliyaleta maswali hayo hayo katika mitishamba. Walitoka pamoja viungani mwa Seville wakichuma majani na kung'oa mizizi, na hapo kijana akajifunza kwamba mmea husomwa kwanza shambani penye udongo wake, kisha ndipo unaposomwa kitabuni.

Panapo mwaka 1219 au 1220 aliiaga Andalusi, wala hatusikii kwamba alirejea tena. Alishika njia ya Afrika ya Kaskazini, akapita Moroko, akaingia Aljeria na miji yake ya Bijaya na Konstantina, akapita Tunisia, akafika Tripoli na Barqa katika Libya ya leo. Baadaye alifika nchi za Warumi, yaani upande wa Asia Ndogo ambayo sasa ni Uturuki, akakutana na watu waliokuwa wakiijua mimea kwa majina ya Kigiriki. Kila alipotua aliwatafuta wajuzi wa mahali hapo, akauliza jina la mmea kwa lugha yao, akaenda nao mpaka unapoota, akauona kwa macho yake.

Huenda msomaji akauliza, safari yote hiyo ya nini, na vitabu vilikuwapo? Naam, vilikuwapo. Kilichokuwa mashuhuri kuliko vyote ni kile cha Dioscorides, tabibu aliyeandika kwa Kigiriki katika karne ya kwanza ya Miladi, chenye juzuu tano. Baada yake kulikuwa na vitabu vya Galen, ambaye Waarabu humwita Jalinus. Vitabu hivi vilitafsiriwa kwa Kiarabu huko Baghdad, na kutoka hapo vikaenea mpaka Andalusi. Taabu ilikuwa katika majina. Mmea mmoja ulikuwa na jina la Kigiriki, jingine la Kiajemi, jingine la Kiarabu, jingine la Kiberberi na jingine la Kilatini cha wenyeji wa Andalusi. Na wakati mwingine jina moja lilibebwa na mimea miwili au mitatu isiyofanana hata kidogo.

Juu ya hayo walikuwapo wanakili. Aliyepita chuoni anajua kwamba nukta moja ikihama, ba huwa nun, na ikizidi moja huwa ta. Katika Msahafu jambo hilo lina walinzi wengi, maana wako waliohifadhi kwa moyo. Lakini jina la mzizi wa Ugiriki lina mlinzi gani? Mwenye kunakili akiteleza kalamu, anayemfuata hunakili kosa lile, na wa tatu naye vivyo hivyo, mpaka tabibu wa mji wa mbali anamwandikia mgonjwa kitu ambacho Dioscorides hakupata kukikusudia. Mwandishi hupata aibu tu, lakini mgonjwa hupata mauti.

Ibn al-Baytar alipofika Misri, sultani alikuwa Al-Kamil, wa ukoo wa Salahuddin. Sultani huyu alimtegemea katika mambo ya dawa, akamfanya mkuu wa wajuzi wote wa mitishamba katika nchi ya Misri, na pamoja nao wale wauzaji wanaotandaza bidhaa zao sokoni. Cheo hicho kinatufahamisha kwamba watawala wa wakati huo hawakuiacha biashara ya dawa iende ovyo. Kulikuwa na muhtasibu, mkaguzi wa masoko, aliyetazama mizani, mikate, nyama na madawa. Ash-Shayzari, aliyeishi Sham katika zama za Salahuddin, alitunga kitabu cha kumwongoza mkaguzi huyo katika kazi yake. Alipofika mlango wa wauza dawa alisema kwamba hila zao ni nyingi mno, akazitaja zile zilizokwisha kujulikana tu, na nyingine akazinyamazia kwa kuchelea kwamba mtu asiye na dini atazisoma na kujifunza kughushi.

Na wenye kughushi walikuwa na sababu, kwani dawa zilikuwa ghali. Zeri ya balasani, kwa mfano, ilitoka katika bustani moja mashuhuri huko Matariya karibu na Kairo, na thamani yake ilikuwa kubwa. Kwa ajili hiyo tangu zama za Dioscorides watu walikuwa wamebuni mitihani. Tone la zeri safi likidondoshwa juu ya sufi kisha ikafuliwa, haliachi doa, bali iliyoghushiwa hung'ang'ania. Na ikitiwa katika maziwa, zeri safi huyagandisha, na ile iliyochanganywa haiwezi. Ubani nao ulichanganywa na gundi au utomvu wa msonobari, na mtihani wake ulikuwa moto: gundi haitoi mwali, utomvu wa msonobari huishia moshi, na ubani wa kweli huwaka na harufu yake ikautolea ushahidi. Zafarani ilipakwa maji ya zabibu yaliyochemshwa na kutiwa vumbi la madini ya risasi ili izidi uzito, basi ilitazamwa kama ina vumbi, na ikanuswa. Ama shubiri, ilichanganywa na gundi, na iliyo safi ilijulikana kwa uchungu wake, kwa ukali wa harufu yake, na kwa jinsi inavyomeguka baina ya vidole ikawa chembe ndogo ndogo.

Hapa ndipo nilipomkumbuka nyanya. Kipande kile nilichomletea hakikumeguka.

Mitihani hiyo yote Ibn al-Baytar aliipokea na kuiingiza katika kitabu chake kikubwa, Al-Jami, ambacho ni mkusanyo wa dawa na vyakula vya asili. Ndani yake mna dawa zipatazo 1,400, za mimea, za wanyama na za madini, naye amewataja waandishi zaidi ya 150 waliomtangulia. Alizipanga kwa mfuatano wa alfabeti ili mtafutaji asipotee. Katika utangulizi wake aliweka wazi makusudio sita. Mawili kati yake yafaa tuyakumbuke. La kwanza, kila neno alilolichukua kwa wakale alilipima: lililosadikiwa na macho yake na tajiriba yake alilishika, na lililopingana nayo alilitupa, hata kama msemaji wake ni mkubwa. La pili, aliyaandika majina ya dawa kwa lugha mbalimbali, akataja inakoota, na akaeleza kwa maneno irabu na nukta za kila jina gumu, ili mwanakili atakayekuja baadaye asiwe na njia ya kukosea. Alisema pia kwamba wengi waliokosa kabla yake walikosa kwa kutegemea karatasi na kunukuliana, ilhali yeye tegemeo lake ni kuona na kujaribu.

Wala hakuogopa kusahihisha. Kulikuwa na kitabu mashuhuri cha Ibn Jazla, tabibu wa Baghdad, kilichokuwa mikononi mwa matabibu wengi. Ibn al-Baytar alitunga kitabu kizima cha kuonyesha makosa yaliyomo. Mtu mwingine angeogopa kusemwa kwamba ana husuda. Lakini kitabu cha dawa si kama diwani ya mashairi ambayo beti yake mbovu humchosha msikilizaji tu na kumalizika. Kosa la kitabu cha dawa hunywewa na mtu.

Katika mwaka 633 wa Hijra, yaani baina ya 1235 na 1236, Ibn al-Baytar alikuwa Damascus, na huko alikutana na kijana aliyeitwa Ibn Abi Usaybia, ambaye baadaye aliandika historia ya matabibu. Habari nyingi tulizo nazo zimetoka kwake. Anaeleza kwamba walitoka pamoja nje ya mji wakitazama mimea mahali inapoota. Walisoma pamoja vitabu vya wakale, na mwalimu alianza kwa kutaja alichokisema Dioscorides kwa Kigiriki, kisha maelezo ya Galen, kisha ya waliokuja nyuma, kisha akaonyesha walipohitilafiana na nani amekosa. Kila dawa aliitaja pamoja na juzuu iliyomo na namba yake. Kijana alikuwa akirudi nyumbani na kuvifungua vitabu apate kuhakikisha, na akakuta hakuna kilichopungua. Amemsifu pia kwa ukarimu, tabia njema na murua.

Sultani Al-Kamil alifariki mwaka 1238, na Ibn al-Baytar akaendelea na kazi chini ya mwanawe, As-Salih Ayyub, ambaye alimtungia kitabu kingine, Al-Mughni, kilichopanga dawa kwa viungo vya mwili vinavyotibiwa. Aliaga dunia kwa ghafla huko Damascus mwezi wa Shaaban mwaka 646 wa Hijra, sawa na 1248 wa Miladi. Mwaka huo huo Seville, mji aliojifunzia, ulitoka mikononi mwa Waislamu. Lakini kitabu chake hakikuzikwa naye. Kilinakiliwa kwa karne nyingi, kikapigwa chapa Bulaq, Misri, mwaka 1874, na tabibu Mfaransa, Lucien Leclerc, akakifasiri kwa lugha yake baina ya 1877 na 1883.

Je, haya yatuhusu nini sisi wa leo, wenye dawa zilizotiwa katika vidonge na chupa zenye picha za kupendeza? Nitajibu kwa kisa kilichotokea Ulaya, mahali ambapo watu hudhani kila kitu kimepimwa.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990, mjini Brussels katika Ubelgiji, wanawake waliotaka kupunguza unene walipewa mchanganyiko uliotiwa mitishamba ya Kichina. Mmoja wa mitishamba hiyo ulikusudiwa uwe ule uitwao kitaalamu Stephania tetrandra. Kilichowafikia kilikuwa mwingine, Aristolochia fangchi, kwa sababu majina ya mimea hii miwili kwa Kichina yanakaribiana. Mwaka 1993 madaktari walitangaza kwamba figo za watu hao zilikuwa zikifa. Walioathirika walizidi mia moja. Wengi wao walilazimika kusafishwa damu kwa mashine au kubadilishwa figo, na baadhi wakaja kupata saratani ya njia ya mkojo. Hakuna aliyekusudia kuwadhuru. Jina lilibadilishana na jina, basi. Ni jambo lile lile lililomtoa Ibn al-Baytar Andalusi.

Hata hivyo haki inatutaka tuseme na la pili. Mmea wa jamii hiyo ya Aristolochia Waarabu huuita zarawandi, na zarawandi imo katika kitabu cha Ibn al-Baytar, imetajwa kuwa ni dawa, kama walivyoitaja wakale wote. Hakujua kwamba inaharibu figo, maana madhara yake huja polepole, wala hayaonekani kwa jicho, hayanuki na hayana ladha. Je, kosa hilo linamshusha? Kwa maoni yangu, sivyo. Yeye mwenyewe alitufundisha kwamba aliyeona kwa yakini hufuatwa kuliko aliyenakili. Leo maabara yameona asiyoyaona yeye. Anayeinywa zarawandi kwa hoja kwamba imeandikwa katika kitabu cha kale amekishika kitabu cha Ibn al-Baytar na kuiacha njia yake.

Basi njia yake ikitumiwa leo itakuwaje? Kwanza ni jina. Muuzaji aulizwe dawa hii ni mmea gani hasa, na ni sehemu gani ya mmea: mzizi, gamba, jani au mbegu. Kwenye chupa jina la kitaalamu liwe limeandikwa, kwa kuwa jina la mtaani hubebwa na mimea mingi. Pili ni asili yake: imetoka wapi, imefungwa lini, na nani anayewajibika nayo. Tatu, panapowezekana inunuliwe ikiwa nzima. Mbegu ya habasoda yaonekana, na jani la sanamaki lajulikana na mwenye kulizoea, lakini unga huficha kila kitu. Harufu iliyokwisha, ukungu, wadudu na rangi iliyopauka ni dalili kwamba dawa imechakaa, hata kama haikughushiwa.

Nne, tukubali mpaka wa pua na ulimi wetu. Mwaka 2008 ulichapishwa Marekani uchunguzi wa dawa 193 za jadi ya Kihindi ya Ayurveda zilizouzwa kwa njia ya intaneti, na karibu moja katika kila tano ilikutwa na risasi, zebaki au aseniki. Nyanya yangu, pamoja na ujuzi wake wote, asingeweza kuinusa risasi ndani ya kidonge. Kazi hiyo ni ya maabara, na ndiyo sababu Kenya ina Bodi ya Dawa na Sumu. Kuuliza kama dawa ya mitishamba imesajiliwa nayo ni kumtafuta muhtasibu wa zama zetu. Na dawa inayodaiwa kutibu maradhi yote, au inayotuliza maumivu ya viungo kwa kasi ya ajabu, itiliwe shaka. Zimegunduliwa nchi nyingi dawa zinazoitwa za mitishamba ambazo ndani yake mmetiwa kwa siri steroidi au dawa nyingine za hospitali. Mwenye kisukari, mwenye presha na mama mjamzito wamweleze daktari wao kila wanachokinywa, hata kikiwa ni cha kizee.

Wauzaji wengi wa mitishamba ni waaminifu, na muuzaji mwaminifu hachukizwi na maswali haya. Bali hufurahi kumpata mnunuzi anayeijua bidhaa. Mwenye duka yule wa utotoni mwangu alikipokea kile kipande bila ya kubisha, akafungua kopo jingine, akanipimia shubiri ya pili. Nyanya aliimega kwa vidole viwili, ikamwagika kama mchanga juu ya karatasi, akaikunja na kuiweka kabatini.

Mwenyezi Mungu amrehemu Ibn al-Baytar, amrehemu na nyanya, na atujaalie sisi kuifungua karatasi kabla ya kuinywa dawa.